Ng'ombe wa Shamba la Mchezo

Kwetu ukinunua pikipiki mbovu watu wanakupa pole. Ukichukua mke wa pili wanakuletea kuku. Lakini ukinunua bata, utachekwa mpaka kanisani. Mimi nilirudi nyumbani na bata ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, nimewapakata tangu Nakuru, na kabla sijafika kwenye kituo tunapopimia majani ya chai habari ilikuwa imenitangulia. Kakangu mkubwa alikuwa pale kwenye foleni na gunia lake. Akachungulia ndani ya katoni, akaniuliza mbele ya watu kama nimekuja kuishi au nimekuja kufungua chekechea.

"Nimekuja kulima," nikamwambia.

"Unalima bata?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu nilikuwa nimestaafu salama na moyo wangu ulikuwa mweupe. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile natamani ningegeuka palepale na katoni yangu nikaenda kuishi mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo wangu.

Nilikuwa metroni wa shule ya wasichana ya bweni. Nimewaamsha mabinti wa watu na kengele, nimewatibu chawa na mapenzi, nimegombana na wapishi juu ya maharagwe yenye wadudu. Kilichonibakisha na akili ni ndoto ya shamba dogo. Si shamba la chai, kwa maana chai naijua. Nimeichuna kabla ya kwenda shule, umande umenilowanisha mpaka kiunoni, vidole vyeusi ambavyo mwalimu alivichapa akidhani ni uchafu. Nilitaka shamba la kunifurahisha: ng'ombe wachache ninaowajua kwa tabia, bata kwenye maji, mizinga ya nyuki, matunda ya pasheni yakitambaa juu ya waya. Liniletee ya chumvi na sabuni, na liniletee watu wa kuzungumza nao. Majirani walipolibatiza shamba la mchezo sikukasirika. Mtu ambaye hakucheza utotoni ana haki ya kucheza uzeeni.

Baba alikuwa amekwisha kufa na hati ya shamba ilikuwa kwa kaka. Katiba inasema binti naye ni mtoto, na wazee wetu wa upande huu wa Roret huipigia makofi siku ya sikukuu, halafu wanarudi nyumbani na kuwagawia wavulana. Kaka hakunigawia kitu, aliniruhusu tu. Alinionyesha upande wa chini, chai inapoishia na mteremko unapoingia kwenye kijito. Chai haipendi kusimama majini, kwa hivyo pale hapakuwahi kupandwa kitu isipokuwa mikaratusi, na hata hiyo ilikuwa imekatwa ikabaki visiki. "Chukua, cheza hapo," akasema. Mama alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akiota jua, akaitikia "kongoi, kongoi," akimshukuru mwanawe kwa kunipa mahali ambapo hakuna mtu aliyepataka.

Visiki vile karibu viniue. Nilivichimba, nikavichoma, nikavitukana. Nikajenga nyumba ndogo ya mabati na boma la ng'ombe lenye sakafu ya mawe, nikapanda nyasi ya nepia juu ya makinga ya maji ili mvua isinipelekee udongo Kisii. Nikapanda stroberi. Bata walizila zote kwa asubuhi moja wakiwa wamejipanga vizuri kwenye tuta, na nilipowafukuza walinitazama kwa mshangao, maana wao walidhani zimepandwa kwa ajili yao. Hiyo ndiyo hasara pekee ya shamba lile ninayoikumbuka nikicheka.

Ng'ombe wa kwanza nilimtoa kwa mama mmoja wa Kaplong aliyekuwa akihamia kwa mwanawe mjini. Alikuwa mtamba wa gredi, yaani wa mbegu ya kisasa, mwekundu, mwenye baka jeupe begani na kiburi cha mke wa chifu. Hakukubali kukamwa na mtu mwingine. Hata ukivaa leso yangu alijua si mimi. Alishikwa na homa ya kupe mwaka ule wa kwanza, nikamnywesha dawa kwa chupa ya soda huku nikimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia binadamu. Alipona. Akazaa jike, na yule jike akazaa jike. Wenye mashamba makubwa huomba bahati hiyo miaka yote wakapata madume, mimi wa bata nikaipata bila kuiomba. Boma likajaa.

Aliyenisaidia kazi ni wifi yangu, mke wa kaka. Ni mwanamke wa maneno machache. Alikuwa akimaliza kuchuna chai anateremka kwangu kukata nepia, bila kuitwa. Ni yeye aliyenifundisha upya kutengeneza mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwa sababu mikono yangu ya bweni ilikuwa imesahau. Kibuyu unakisugua ndani kwa sosiot, kijiti chenye nyuzinyuzi mwishoni. Kisha unachukua tawi la senetwet lililokaushwa, unaliwasha, unalizungusha ndani mpaka kaa lipake ukuta wote na moshi ushike. Unatia maziwa yaliyochemka na kupoa, unafunga, unaacha. Ukifanya haraka yanakuwa maziwa machafu. Ukifanya kwa subira yanatoka ya kijivu, mazito, na mtu akionja anafumba macho.

Nilianza kuyapeleka Sotik kwa mama mmoja mwenye duka, ambaye watu wake walitoka upande wa Murang'a zamani. Alikuwa ameishi kati yetu tangu ujana lakini mursik hakuwahi kuigusa, akidai hawezi kunywa maziwa yaliyopakwa masizi. Siku moja alionja kwa ajili ya kunipendeza. Siku iliyofuata alinipigia simu: "We mama, leta hizo maziwa zako za makaa. Na usipelekee mtu mwingine, unaskia?" Wateja wake walikuwa watu wetu wanaosafiri kwenda Nairobi, walionunua kwa pupa kama wanaopelekewa ujumbe kutoka kwa mama zao. Baadaye wenyewe wakaanza kuja na watoto wao siku za Jumamosi. Watoto wetu wa Kipsigis ambao hawajawahi kuona chuchu ya ng'ombe! Walifukuza bata, wakaumwa na nyuki, wakashika matiti ya yule mwekundu huku mimi nimeshika kichwa chake ili asiwapige teke. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi ili ijulikane nilinyang'anywa nini.

Mgeni mmoja alinipiga video nikimnywesha mtoto wake mursik, boma langu nyuma na ng'ombe wote wamegeuza vichwa kutazama. Ikazunguka kwenye simu za watu. Ikafika kwa mume wangu.

Sasa lazima niseme habari za huyo mume, ingawa hastahili wino. Niliolewa nikiwa msichana mdogo, upande wa Bomet. Koito, ile sherehe yetu ya mahari, ilifanywa, wazee wakaketi wakakubaliana mahari, na ng'ombe wakaletwa kwetu: wale wa kienyeji, wafupi, ambao ukiwakama sana unapata kikombe cha kuweka kwenye chai. Kaka, ambaye ni mtoto wa mama yangu, aliwachukua akawapeleka kwa wakwe zake akaoa. Hakuna ubaya hapo. Kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwozesha kaka, na ndivyo wifi yangu alivyoingia katika boma la baba. Mimi kule Bomet nilikuta mwanamume mwenye mkono mwepesi na moyo mzito. Nilivumilia mpaka siku aliponipiga nikiwa nimembeba mtoto, kisha nikaondoka na binti yangu mgongoni, nikatafuta kazi.

Hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe. Kwetu mwanamke akirudi kwao ng'ombe wa mahari huachwa walale. Kila mtu anajua wako wapi na kila mtu anafunga mdomo. Kuivunja ndoa rasmi ni kuwarudisha, na kuwarudisha ni kuibomoa nyumba nyingine iliyojengwa na ng'ombe haohao. Kwa hiyo mwanamume anatafuta mwanamke mwingine wa kuishi naye, mwanamke anatafuta riziki, na ukoo unajifanya umesahau. Kwa serikali sikuwa mke wa mtu. Kwa wazee nilikuwa mke wa mwanamume ambaye sikuwa nimemwona tangu binti yangu aote meno. Sikuwahi kulikumbuka jambo hilo hata mara moja nilipokuwa nikilaza mawe ya boma. Nani angelikumbuka?

Yeye alikumbuka kwa sababu alitaka harusi. Alikuwa ameokoka, na alitaka kusimama kanisani na mwanamke aliyekuwa akiishi naye miaka yote hiyo. Mchungaji wao akamwambia hawezi kumfungisha ndoa kabla jambo la mke wa kwanza halijasafishwa. Angekuja mwenyewe akaniambia hivyo, ningemtilia sahihi popote, hata kwenye mti. Ningempa na bata wa karamu. Badala yake akatuma wazee, na wazee hawakuja kwangu, walienda moja kwa moja kwa kaka.

Niliitwa siku ya kikao. Walikuwa wameketi kwenye viti vya kaka vyenye vitambaa vilivyofumwa, kofia zao magotini. Walifungua kwa maombi, marefu, wakimshukuru Mungu kwa umoja wa familia. Wifi alikuwa anamimina chai. Maziwa ya chai ile yalikuwa yangu, na kibuyu kilichokuwa kinazunguka kutoka mkono hadi mkono kilikuwa changu pia. Nilikuwa nimekitoa asubuhi kaka aliponiambia kuna wageni.

"Msichana yetu," mzee wao mkubwa akaanza. Msichana! Mimi mwenye vidonge vya presha kwenye mkoba. "Sisi hatukukuja na vita. Tunauliza tu kitu moja. Wewe unarudi nyumbani, ama ng'ombe inarudi?"

"Ng'ombe gani, mzee?"

"Ya koito."

"Hizo zilienda kwa wakwe wa ndugu yangu. Zilikufa kitambo sana."

"Ng'ombe haikufangi," akasema kwa upole, akipangusa mursik yangu midomoni mwake. "Inazaa. Na ile imezaliwa inazaa."

Kila mtu akageuka kumtazama wifi yangu. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na birika mkononi, mama wa watoto wazima, na wote walikuwa wanamtazama kana kwamba yeye ndiye kundi lenyewe lililopotea. Aliiweka birika mezani akatoka. Kutoka jikoni tulimsikia akilia, na hakuna mwanamume aliyeonekana kusikia.

Nilimgeukia kaka. Yeye ndiye aliyewachukua ng'ombe wale, kwa hivyo nilingoja aseme atawarudisha kwa namna gani. Alikohoa. Akatazama dari.

"Mimi sina ng'ombe," akasema. "Niko na chai peke yake, na chai hairudishwi kwa koito. Lakini dada yangu Mungu amembariki. Kila mtu ameona kwa simu."

"Hizo ni zangu! Nimenunua na jasho yangu!"

"Zinalala kwa boma ya nani? Hapa ni kwa baba. Ng'ombe ikilala kwa baba, ni ya boma ya baba."

"Wakati ilikuwa visiki ilikuwa yangu. Sasa kwa sababu imejaa ni ya baba?"

"Usinipigie kelele mbele ya wageni," kaka akasema.

Nilipiga kelele. Niliwaambia ng'ombe wao walikuwa wa kienyeji na wangu ni wa gredi, kwamba yule mwekundu peke yake kwa siku moja anatoa maziwa ambayo kundi lao lote halikuwahi kutoa kwa wiki. Yule mzee alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha akasema ng'ombe ni ng'ombe, kwamba Jumatatu watakuja kuwachukua, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nikauliza basi, wakichukua ng'ombe, binti yangu naye ananirudia mimi? Akionewa huruma na mtu akaolewa, koito yake inakuja kwangu niliyemlea?

"Hapana. Mtoto ni yetu," mzee akasema, akishangaa kwamba sijui. "Ng'ombe inarudi. Mtoto hairudi."

Waswahili husema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Kwetu aliyekula alikuwa mmoja, na wa kulipa akatafutwa mwingine.

Binti yangu anafanya kazi Eldoret. Nilipompigia simu alipiga mayowe. "Mum, hapana. Hapana! Hiyo ni wizi wa mifugo na maombi juu yake. Tafuta wakili." Mama wa duka Sotik alikuwa na shauri lingine. Aliegemea kaunta yake, akatazama kama hakuna mteja, akaniambia kwa sauti ya chini: "Hata kwetu kuna ruracio, hiyo mahari, na najua vile wazee hawasahau. Sasa skiza. Uza. Uza zote kabla Jumapili, wakikuja wapate bata." Nilirudi nyumbani nimeamua. Nilikuwa hata nimeshampigia mnunuzi mmoja wa ng'ombe, akaniahidi kuja na lori kesho yake.

Aliyekuja ni mama. Mama hakuwa ameteremka kwenye shamba langu kwa muda mrefu, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekataa mteremko. Siku hiyo alishuka peke yake kati ya chai, akishika matawi ya michai kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. Nilimwona akiwa katikati ya njia, nikakimbia kumpokea. Aliketi kwenye benchi la wageni akahema. Akawatazama ng'ombe kwa muda.

"Kaka yako amesema ukikataa, unatoka hapa," akaniambia kwa lugha yetu. "Amesema mbele yangu."

"Nimesikia. Nitaenda kortini, Mama. Siku hizi sheria iko."

"Najua iko. Nimesikia kwa redio." Akapangusa jasho kwa leso yake. "Utashinda, labda. Na mimi nitakuwa nimekaa pale juu, katikati yenu. Nitakula kwa nani? Nizikeni kwanza, ndipo mpigane."

Hakuniambia niwatoe ng'ombe. Mama ni mwerevu, hakulitamka. Lakini alikuwa amesema yote, na alikuwa amechagua upande bila kuinuka kwenye benchi. Nilimkasirikia. Hata leo, ninapompelekea uji, nina hasira naye ambayo sitamwambia, kwa maana miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kutembea hata hatua moja kwenda kumwomba kaka anihurumie mimi. Nilimpandisha mpaka nyumbani kwake hatua kwa hatua. Kisha nikampigia yule mnunuzi nikamwambia asije.

Walikuja Jumatatu asubuhi na lori la kubebea mchanga. Mume wangu hakuingia. Alibaki barabarani karibu na kituo cha majani, kofia imeshushwa usoni, na wachuna chai wakamwona wote wakaja kunieleza baadaye. Wazee wakachagua. Walichukua yule mwekundu, na binti yake, na wajukuu. Walimwacha ndama mmoja dume aliyekuwa na kwato mbaya, wakasema huyo ni zawadi yangu.

Yule mwekundu alikataa kupanda. Vijana watatu walimvuta kwa kamba na mmoja alimsukuma kwa nyuma, naye akakaza miguu yake minne kwenye udongo, akatoa macho. Kaka alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni. "Hiyo inasikia mtu moja tu," akawaambia. Mzee akanitazama. Akasema ni vizuri pia kimila, kwamba ng'ombe anayerudishwa atoke mkononi mwa mwenyewe, asije akawa na laana.

Kama ningekataa wangempiga. Kijana mmoja alikuwa tayari amekata fimbo. Nikapanda mimi kwanza kwenye lori lile, nikasimama ndani, nikamwita jinsi ninavyomwita kila jioni. Akalegeza miguu. Akaja. Alipanda ule ubao mwenyewe bila kuvutwa na mtu, akanisukuma tumboni kwa paji la uso wake, akitafuta chumvi. Wengine wakamfuata. Mzee aling'oa nyasi kando ya boma, akazitemea mate ya baraka, akasema sasa tumemaliza, kuanzia leo wewe ni mtu huru. Kaka akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Harusi ilifanyika. Nilisikia ilikuwa nzuri.

Shamba halikufa siku hiyo moja. Bata wapo, nyuki wapo, na pasheni zilizaa sana mwaka ule kana kwamba zinanikejeli. Lakini wageni wa Jumamosi walikuja wakakuta boma tupu, watoto wao wakauliza ng'ombe wako wapi, na mimi nikawaonyesha bata. Wakapungua. Mama wa duka Sotik alinunua mursik kwa mtu mwingine, akanipigia simu kuniomba radhi kabla ya kufanya hivyo, na huo ndio ustaarabu pekee nilioonyeshwa katika jambo zima. Wifi yangu aliacha kushuka. Tukikutana njiani anatazama chini, nami sijui nimwambie nini ili ajue kwamba simdai. Yeye na mimi tulitolewa katika mfuko mmoja, na hakuna kati yetu aliyeulizwa.

Kisha, mvua za vuli zilipoanza, kaka alishuka kunitembelea. Alikuwa hajafika tangu siku ya lori. Alikuja na mkate, akaketi ndani, akaniulizia presha. Nilimpa chai ya rangi. Aliitazama kikombeni, akainywa hivyohivyo. Alizungumza habari za bei ya mbolea na za mvua ya mawe iliyochana chai ya jirani. Nilikuwa karibu kuamini kwamba amekuja kuniomba msamaha, na aibu yangu ni kwamba nilikuwa tayari kumsamehe. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno.

"Iko mzee moja hapo Kaplong," akasema hatimaye. "Bibi yake alikufa. Mtu wa kanisa, na ako na shamba nzuri. Ameuliza habari yako."

Sikuelewa. "Anataka bata?"

"Anataka mke. Ameona wewe ni mtu wa kazi. Na sasa hakuna shida, si uko huru? Yule wa Bomet alimalizana na sisi." Alisogeza kiti karibu, na uso wake ukachangamka, ule uso wa kituoni alipoichungulia katoni. "Ako tayari kuleta ng'ombe. Si za kienyeji. Za gredi. Nimeangalia hii boma yako iko tu hivi, sakafu bado ni mzuri. Zinaweza kulala hapa hapa."

Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, niliwaona. Niliwaona wamejipanga kwenye mawe yangu, wakitafuna nepia.

"Zilale hapa ziwe za nani?" nikamuuliza.

Alistaajabu kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata watoto wanalijua. "Si kijana yangu mkubwa anataka kuoa," akasema. "Amefikisha umri."

Nilisimama nikamfungulia mlango. Nilimwambia amalize chai aende kwa mke wake, yule ambaye nimemlipia mahari mara mbili, na kwamba mke wa kijana wake atamlipia yeye mwenyewe.